Maltituli mpya imekaza? Hivi ndio unailainisha bila kuiharibu

Maltituli, kile kifaa kimoja cha kukunja chenye koleo, visu, bisibisi na vingine ndani yake, ikitoka kwenye boksi ikawa ngumu kufunguka, unavuta bisibisi inagoma, unavuta kisu kucha inataka kung'oka, usiwe na haraka ya kusema ni mbovu. Mara nyingi imebana tu kwa sababu ni mpya. Vyuma vyake vimepangwa kwa kubanana, bapa juu ya bapa, afu vyote vikapitishwa pini moja na kukazwa kwa skrubu au ribiti (pini iliyogongwa kichwa ikabana moja kwa moja), na hakuna hata kimoja ambacho kimeshasuguana na mwenzake vya kutosha. Naanza na hili sababu naona watu wengi kitu cha kwanza wanachokimbilia ni kulegeza skrubu, au kuchomeka bisibisi nyingine pembeni na kubenua kwa nguvu, na hapo ndipo kifaa kizuri kinaanza kuharibika kabla hakijafanya kazi hata moja.

Mimi msimamo wangu ni kwamba osha kwanza, tia oili, kifungue na kukifunga sana, futa, rudia, na skrubu iguswe mwisho kabisa kama kweli imelazimu. Na kingine, usitake ulaini wote. Ugumu kidogo unatakiwa ubaki, maana kwenye vifaa vingi ambavyo havina loki, kinachozuia tupa au kifungua kopo kisikufungukie chenyewe mfukoni ni huohuo mbano.

Kabla hujafanya lolote, kaa nayo mahali penye mwanga mzuri na ufungue kila kifaa taratibu, kimoja kimoja, huku unasikiliza na kuhisi kwa vidole. Ugumu hauko wa aina moja. Ukihisi mkwaruzo kama kuna mchanga ndani toka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, hapo kuna uchafu wa kiwandani, ule unga laini wa chuma na dawa ya kung'arishia ambao umebaki kwenye kiungo. Ukiona kinaenda bila mkwaruzo ila kizito njia nzima, ujue kiungo kikavu au skrubu imekazwa sana. Ukiona kigumu mwanzoni tu, afu katikati kinalegea, afu kinaruka na kugonga "ta!" kikifika mwisho, hiyo ni springi ya mgongoni inafanya kazi yake, visu vya kukunja vya Victorinox, ile kampuni ya visu ya Uswisi, karibu vyote viko hivyo, na ugumu wa springi hauondoki kwa kulegeza kitu chochote, utalainika kiasi kwa oili na matumizi, basi. Kuna na ile unavuta bisibisi ndogo inakuja na majirani zake wawili, hiyo ntaieleza chini sababu inakera watu sana. Na ya mwisho, kinanasa sehemu moja tu, palepale kila mara. Hiyo ndio ya kuitilia shaka.

Sasa vidole. Watu wanaumia zaidi wakati wa kufunga kuliko wa kufungua, sababu springi ya kitu kipya ina nguvu na bapa linarudi ghafla kabla hujatoa kidole kwenye mfereji. Ukifunga kisu, shika mpini kwa pembeni, vidole visiwe kabisa kwenye mdomo wa mpini, na usukume mgongo wa kisu kwa kiganja cha mkono wa pili. Kufungua usitegemee kucha. Chukua kipande cha mpira, hata cha tyubu kuukuu ya baiskeli kinafaa sana, kishike bapa pande zote mbili karibu na mgongo afu vuta, haitelezi na kucha yako inabaki salama. Kwa vifaa visivyo na makali unaweza kuchomeka ukingo wa sarafu nyembamba kwenye kile kijishimo cha kucha ukainua. Glavu za ngozi vaa ukiwa nazo. Na kisu na msumeno viache vya mwisho, anza na bisibisi, kifungua chupa na tupa, maana mpini ukishalainika upande huo unakuwa umeshajua nguvu inayotakiwa na hata visu unaviingia kwa utulivu.

Haya, kuosha. Watu wengi wanaruka hapa wanakimbilia oili moja kwa moja, na ndio kosa linalofanya oili ionekane haisaidii, maana unakuwa umechanganya mafuta na unga wa chuma ukapata uji unaosaga. Weka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, matone machache ya sabuni ya vyombo, fungua kila kitu kwenye maltituli, koleo, visu, mkasi, vyote, halafu izamishe kama dakika 10. Kisha chukua mswaki wa zamani usugue kwenye viungo, kule kwenye pini hasa, na ukiwa bado ndani ya maji fungua na kufunga kila kifaa mara nyingi. Victorinox wenyewe ndio wanavyoshauri kwa visu vyao, maji ya uvuguvugu, fungua funga humohumo mpaka kitembee vizuri, kausha, tia oili. Utashangaa maji yanavyokuwa meusi hata kwa kitu ambacho hakijawahi kutoka nje ya boksi. Kati ya bapa na bapa ambako mswaki haufiki pitisha uzi wa meno, uvute mbele na nyuma, utatoka na uchafu mweusi. Mwaga, weka maji mengine, rudia mpaka maji yabaki masafi, halafu suuza kwa maji matupu.

Maji yasiwe ya kuchemka, hasa kama mpini una plastiki, na usije ukaiweka kwenye mashine ya kuoshea vyombo, ile sabuni yake kali pamoja na joto na unyevu wa muda mrefu vinaumiza makali na vinaita kutu.

Kukausha ni kazi kamili, sio kufuta juujuu. Chuma cha pua kinashika kutu, tusidanganyane. Kinaitwa hivyo kwa sababu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ila chuma cha kisu kinatakiwa pia kiwe na kaboni ya kutosha ili kiwe kigumu na kishike makali, kwahiyo uwezo wake wa kukataa kutu sio sawa na wa kijiko. Maji yakibaki chini ya washa (kile kipete bapa kinachokaa kwenye pini) au kwenye pini yenyewe, wiki mbili baadae unakuta doa la kahawia na kiungo kimekuwa kigumu kuliko siku ya kwanza. Kung'uta, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, pulizia hewa au draya ya nywele kwenye moto mdogo, afu iache wazi masaa kadhaa sehemu kavu yenye joto. Ukiwa na WD-40, ile dawa ya kupulizia ya kopo, hapa ndio mahali pake hasa, ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu, kwahiyo inapenya na kuyatoa yaliyojificha. Pulizia, chezesha viungo, futa yote. Lakini usiishie hapo ukasema nimeshatia oili. Sehemu kubwa yake inakauka na kinachobaki ni utando mwembamba tu, siku chache utarudi palepale.

Oili yenyewe iwe nyepesi. Oili ya cherehani ni nzuri sana na inapatikana kirahisi, inapenya sehemu nyembamba na haigandi. Kama kisu chako kitakata matunda au mkate, tafuta mafuta meupe ya madini yaliyo salama kwa chakula, yale ambayo watu wanapaka vibao vya kukatia, hayana harufu na hayaozi. Mafuta ya kupikia sitaki hata kuyasikia kwenye kiungo cha kisu, mwanzoni yanateleza vizuri ukadhani umepatia, afu yakishapigwa na hewa yanaanza kunata, mwisho yanakuwa gundi. Grisi nayo nzito mno kwa kitu kinachokaa mfukoni, inakusanya vumbi na nyuzi za nguo. Oili chafu iliyotoka kwenye injini ndio usiiguse kabisa, ina vumbi la chuma ndani yake na ni hilohilo vumbi tumetoka kuliosha.

Tone moja kila upande wa pini linatosha. Tumia ncha ya sindano au kijiti cha meno kuliweka pale kifaa kinapokutana na mpini, na tone dogo kati ya kila bapa na jirani yake. Koleo lina kiungo chake katikati, na mipini ina viungo viwili vyake pale inapoungana na koleo, na hivi viwili ndio vinasahaulika halafu mtu anashangaa visu vimelainika ila maltituli yenyewe kuifungua ni mieleka. Mkasi una kapini kake na kaspringi kake, navyo viguse. Ukishaweka, ielekeze oili iteremke kwa kuishikilia wima dakika kadhaa, usianze kufungua hapohapo.

Kisha kazi yenyewe. Fungua mpaka mwisho, funga mpaka mwisho, mara 50 hivi kwa kila kifaa, simama, futa. Kitambaa kitatoka na weusi na hiyo ndio dalili nzuri, ni vipele vidogo vya chuma vinajisaga na kutoka, zile nyuso mbili zinazokutana zinazoeana. Tia tone jingine, rudia. Usifungue nusu nusu kila mara, sababu unalainisha nusu tu ya mzunguko na nusu nyingine inabaki vilevile, isipokuwa pale penye mkwaruzo, hapo unaweza kuchezesha kidogo mbele na nyuma mpaka pasafishike. Usiumalize mkono wako kwa siku moja pia. Fanya jioni moja, iache na oili yake mpaka kesho, futa iliyotoka, fanya tena. Maltituli yenye rangi nyeusi itachelewa kidogo kuliko ya rangi ya chuma, maana ule utando wa juu nao una unene na unatakiwa uchakae pale pa kusuguana, na ukiona rangi imetoka kuzunguka pini usiwe na wasiwasi, ni kawaida.

Oili ikianza kutoka safi, haina weusi tena, ujue kazi ya kusaga imeisha na kilichobaki ni matumizi ya kila siku.

Turudi kwenye vile vifaa vinavyotoka kwa makundi. Vinakaa kwenye pini moja vimegusana, kwahiyo ukivuta kimoja, msuguano unamvuta na jirani. Kwanza hakikisha uzi wa meno umepita kati yao na oili imeingia kila pengo, sio pembeni tu. Halafu fungua vyote kwa pamoja, afu uanze kurudisha kimoja kimoja huku umewakandamiza wenzake kwa dole gumba wasitembee. Fanya hivyo kwa zamu, kila mmoja apate kusuguana na jirani aliyetulia. Ukiwaacha watembee pamoja kila siku hawatakaa waachane, sababu hapo kati hakuna kinachosagika. Ni mbinu rahisi lakini inasaidia kuliko kulegeza skrubu, maana ukilegeza skrubu ili bisibisi moja iachane na wenzake unajikuta na kisu kinachoyumba upande huohuo.

Kuna watu wanashauri kuweka dawa ya meno au ile dawa ya kung'arishia kwenye kiungo ili kisagike haraka. Ni kweli inasaga, shida ni kwamba haijui pa kuishia. Ile chembechembe inabaki chini ya washa, huitoi yote kwa kuosha, na inaendelea kula chuma miezi na miezi mpaka kiungo kinalegea na kuanza kuyumba. Msasa vivyo hivyo. Oili na muda vinakupeleka palepale bila hiyo hatari.

Na loki, kile kizuizi kinachoshika kisu kikiwa wazi kisijifunge, uiangalie peke yake. Uso wa loki, pale chuma cha loki kinapokutana na kisigino cha kisu (ile sehemu ya nyuma karibu na pini), uwe mkavu. Oili ikifika pale kwa wingi inaweza kuteleza, futa kwa kitambaa kikavu. Mara nyingine loki mpya inanata, kisu kikishafunguka kuifungua loki ni kazi. Chora kwa penseli ya kawaida kwenye kile kisigino cha kisu, lile risasi la penseli linalainisha bila kulowesha, ukirudia mara kadhaa inaachia vizuri. Kisha ijaribu, shika mpini kwa pembeni, vidole nje ya njia ya kisu, sukuma mgongo wa kisu kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ikiachia, hiyo maltituli haitakiwi kutumika, irudishwe.

Sasa skrubu. Kama umeosha, umetia oili, umezoeza siku kadhaa, na bado kizito njia nzima bila mkwaruzo, hapo unaweza kuifikiria. Ila kwanza soma karatasi ya waranti, ujue watengenezaji wako wanasemaje kuhusu mteja kufungua mwenyewe. Leatherman, watengenezaji wa maltituli, wanatoa waranti ya miaka 25 na Victorinox wanabeba kasoro za chuma na za utengenezaji bila kikomo cha muda, hiyo ni mali, usiipoteze kwa robo ya mzunguko wa skrubu. Kama yako ina ribiti badala ya skrubu basi mjadala umeisha, ribiti hailegezwi, usiigonge na nyundo wala usitanue mipini kwa bisibisi.

Skrubu nyingi za maltituli ni Torx, tundu la nyota ya pembe 6, na nyingine zina kapini katikati ya tundu ili usiingize ncha ya kawaida, hizo zinataka ncha yenye tundu lake. Chukua saizi inayoingia kwa kubana kabisa. Ncha ikicheza hata kidogo usizungushe, utakula tundu na hapo hata fundi atapata tabu. Inawezekana kiwandani waliweka gundi ya skrubu, kwahiyo ikigoma usilazimishe, ipashe moto kwa draya ya nywele dakika chache kwanza, kwa uangalifu kama kuna plastiki karibu. Ikikubali, zungusha kidogo sana, kiasi cha mshale wa dakika kutembea dakika tano kwenye saa. Jaribu. Tikisa kisu kushoto na kulia, kikianza kucheza umepitiliza, rudisha. Unatafuta ile sehemu ambayo kinafunguka bila kuumiza kidole na hakiyumbi pembeni, na funga uangalie kinaingia katikati ya mpini bila kugusa ukuta. Ukishaipata na ukaona skrubu inajilegeza yenyewe kwa matumizi, itoe, safisha uzi wake mafuta yote yaishe, weka kitone cha gundi ya skrubu ya bluu, irudishe palepale na uiache masaa 24. Ya bluu, sio nyekundu, nyekundu haitoki bila moto mkali na moto huo unaharibu kila kitu kingine. Na iwe kwenye uzi wa skrubu tu, ikidondokea kwenye kiungo imeganda na wewe umerudi mwanzo tena kwa ubaya zaidi.

Kile kifaa kinachonasa sehemu moja palepale, mulika tochi ndani uangalie kama kuna mstari unaong'aa kwenye ubavu wa bapa au kwenye ukuta wa mpini. Mstari huo unaonyesha chuma kinagusa chuma pasipotakiwa, labda ncha iliyobaki wakati wa kukata au bapa limepinda kidogo. Kama baada ya kuosha na oili bado kinanasa, irudishe ulikonunua ikiwa bado mpya na skrubu zake hazijaguswa. Usianze kupiga tupa, mtu akishaona alama za tupa ndani hawezi tena kujua kasoro ilikuwa yao au yako.

Utajuaje imetosha? Igeuze kichwa chini ikiwa imefungwa, itikise. Vifaa vya ndani vikibaki mahali pake, na ukiweza kufungua kila kimoja kwa vidole bila kukunja uso, simama hapo. Wengine wanataka kila kitu kidondoke chenyewe kama kisu cha loki cha kufungua kwa mkono mmoja, ila bisibisi isiyo na loki ikilegea kiasi hicho itakufungia kidoleni siku unakaza skrubu ya juu ya kichwa chako.

Baada ya hapo matunzo ni madogo. Ikiingia mchanga au maji ya chumvi ioshe siku hiyohiyo kwa maji matamu, kausha, tia tone. Ikiwa ya kukaa mfukoni tu, oili kila baada ya mwezi au miwili inatosha. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi iliyolowa, ngozi inashika unyevu. Na ile oili ya kwanza uliyotia wakati wa kulainisha itaendelea kuvuja toka ndani siku mbili tatu, kwahiyo ifute jioni na asubuhi kabla hujaitia mfukoni, doa lake ni jeusi na kwenye nguo ya rangi nyepesi halitoki kirahisi.